Njia ya Kushukia Ziwani

Uporoto, Mbeya
4 Desemba 1955

Kaka Danieli,

Kamwene, kaka. Sisi tuzima, hata huyu niliyembeba tumboni. Mgongo wa Mama unaendeleaje?

Habari kubwa ni kwamba Anyitike amepata kazi ya serikali. Amewekwa mlinzi wa msitu wa ziwa la juu. Wakubwa wa mjini wanataka pawe mahali pa kupumzika, wamechonga njia ya kushukia hadi majini na kujenga kibanda na mabenchi. Jumapili Wazungu hushuka na birika zao za chai. Sisi nasi tunaruhusiwa, mradi uwe na cheti. Anyitike kapewa koti la vifungo vya shaba, analivaa hata akienda chooni.

Ni pazuri, lakini mimi nimeshuka mara moja tu na sikupenda kukaa. Miti imejaa kuvu, maji ni ya kijani na yametulia mno, na ukungu ukiingia humwoni uliye naye. Wenyeji huenda kule kuomba mvua tu, na wakishuka hawaongei. Sasa hata wao wanatakiwa kuwa na cheti. Anyitike hujifanya hawaoni, maana anayewaongoza ni Mzee Sedekia, baba yake mdogo aliyemlea. Njoo utembee, kaka, nimekukumbuka.

Mdogo wako,
Esta

Iringa
17 Desemba 1955

Mdogo wangu Esta,

Kamwene sana. Mgongo wa Mama unauma akiona jembe, akisikia pombe ya ulanzi inapita hauumi tena.

Nimefurahi kuliko siku uliyoolewa. Siku ile nilidhani nimekuoza kwa mkulima wa pareto tu, kumbe nimekuoza kwa bwana mkubwa. Nitakuja Januari na Gideoni na Abrahamu wa kwaya, nimewaahidi kuwaonyesha ziwa la shemeji. Mwambie apige pasi koti. Na hiyo tabia ya kujifanya haoni aiache, serikali haimlipi mtu kwa kufumba macho.

Kaka yako,
Danieli

Iringa
22 Januari 1956

Mdogo wangu Esta,

Salamu kwako na kwa tumbo lako. Tulifika salama, tumechoka na basi tu. Asante kwa viazi, Mama amegawia mtaa mzima.

Siku ile ulinuna ukitupakulia chakula. Hukushuka nasi, kwa hiyo huenda umesimuliwa vibaya. Tuliwakuta wazee njiani wakipanda kutoka majini, Sedekia mbele na kibuyu chake. Anyitike akawapisha. Gideoni akaniuliza, "Kwani shemeji yako analinda nini?" Nilichomwa. Nikamwambia Anyitike mbele ya wote, "Kama kazi ni yako, ifanye. Kama huiwezi, vua koti." Ndipo akachukua kibuyu na kuandika majina yao kwa kukosa cheti. Alifanya kweli, nami nilijivuna. Yule mzee hakumtazama yeye, alinitazama mimi. Nilimwamkia, hakuitikia. Mtu aliyebatizwa jina la Sedekia kutwa anazunguka na kibuyu, ana haki gani ya kuninunia?

Kaka yako,
Danieli

Uporoto
26 Februari 1956

Kaka,

Nakusalimu, na Mama msalimie. Afya ninayo. Mengine sina.

Mzee Sedekia alifungwa mwezi mmoja mjini kwa majina yale yaliyoandikwa. Alitoka na kifua kibaya, Jumanne amefariki. Tulipofika msibani watu walihama mkeka, tukabaki wawili. Anyitike alishika jembe asaidie kuchimba kaburi la baba yake. Kaka yake, Jailos, akamnyang'anya. Akamwambia, "Wewe ulishachimba, ndugu yangu. Pumzika." Hakuna aliyecheka.

Tangu hapo hatuna jirani. Nikienda kuomba moto naambiwa umezimika, na moshi nauona. Mama mkwe hapiti tena mlangoni. Mvua nayo imekata, mahindi yanajikunja, na kila mtu anajua ni kwa sababu ya nani. Mtoto anakuja kabla ya Mei. Nani atakuwa nami nikijifungua? Anyitike anataka kuacha kazi, ila anasema utamwona si mwanamume. Mwandikie aache. Naogopa, kaka, na siogopi maneno matupu.

Mdogo wako,
Esta

Iringa
8 Machi 1956

Mdogo wangu Esta,

Poleni na msiba. Nimesikitika, kweli, maana sikumwombea yule mzee kifo. Lakini kifua ni kifua, hakikutoka mfukoni mwangu.

Kazi asiache. Watu wa kijiji hununa, mvua ikinyesha wanasahau. Akivua koti leo watamkanyaga mpaka uzeeni. Wewe, siku zikikaribia, panda basi uje uzalie kwa Mama. Nimekutumia kanga, na shemeji nimemtumia kiberiti ili msiombe moto kwa mtu.

Kaka yako,
Danieli

Uporoto
11 Aprili 1956

Kaka,

Sina salamu. Anyitike amekufa.

Nilikuwa nimefunga mzigo nije kwa Mama. Jumamosi alishuka ziwani kufagia kibanda kwa ajili ya wageni wa Jumapili, akasema akirudi atanisindikiza hadi kwenye basi. Jua likazama hajarudi. Nikapiga yowe. Unajua yowe likipigwa hata adui hutoka na mkuki wake. Hapa hutoka hata kwa ng'ombe aliyetumbukia shimoni, nimewaona. Nilipiga mpaka sauti ikakauka, na milango ikabaki imefungwa.

Asubuhi, kabla sijaenda kumtafuta, walikuja wote. Wanawake walibeba kuni na unga wa matanga, wanaume majembe. Mama mkwe akanifunga kitambaa cha ujane. Nikamwambia, "Mama, bado hajapatikana, labda amelala kibandani." Akasema, "Usilie kwa nguvu, mwanangu, una mtoto." Kaka, hakuna aliyekuwa ameshuka ziwani bado. Baadaye Jailos na wenzake walikwenda, hawakutafuta, walikwenda moja kwa moja hadi alipo wakarudi naye. Wanasema aliteleza.

Sasa wananitunza. Moto naletewa, mkunga analala mlangoni kwangu. Wanasema mtoto ni wao na hakuna atakayemgusa, nami nawaamini. Ila matanga hayawezi kuanuliwa mpaka kaka wa mjane aje, na kila anayeingia kunipa pole ananiuliza utakuja lini. Wanauliza kwa upole sana.

Usije. Mtume mchungaji, mtume yeyote, au asije mtu. Hata ukisikia nimekufa wakati wa kuzaa, usije. Mimi siruhusiwi kutoka ndani, barua hii nampa Yudith, mke wa mwalimu, aipeleke posta Ijumaa akienda sokoni Uyole.

Mdogo wako,
Esta

Iringa
12 Aprili 1956

Mdogo wangu Esta,

Pole, mdogo wangu, pole. Leo mchana dereva wa lori ameniletea barua ya Jailos. Kwako sijapata neno, najua machozi hayakuruhusu kushika kalamu.

Nilimpenda shemeji kuliko nilivyomwonyesha. Nimelia kwenye karakana mbele ya mafundi wangu bila haya. Tangu uliponiandikia habari za Mzee Sedekia nimekuwa nikijiuliza kama nilisema sana siku ile, na nilikuwa naona aibu kukuambia. Nitamwomba Jailos radhi ana kwa ana. Barua yake ni ya mtu mzima, hakutaja ya nyuma hata kidogo. Anasema wote wananisubiri, bila mimi hawawezi kumaliza.

Naondoka kesho kwa basi. Gideoni alitaka kunisindikiza, nimemkatalia, kwa sababu Jailos ameomba nije peke yangu, haya ni mambo ya ndugu. Watanipokea Uyole. Kabla ya kunileta kwako tutashuka kwanza ziwani wanionyeshe mahali alipoteleza. Huenda tukachelewa kidogo, usiwe na wasiwasi, nitakuwa na watu wanaoijua njia.

Kaka yako,
Danieli