Kibuyu cha Basi la Kabazi

Kabazi,
4 Machi 1957

Mwanangu Darweshi,

Salamu nyingi sana. Hujambo? Mkeo Kuluthum hajambo? Sisi huku tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo unalijua, na ng'ombe mmoja aliyeninunia tangu nilipomwachisha ndama wake. Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa goti.

Hili ni juma la kwanza bila basi. Jana jioni nilijikuta nimechemsha chai ya watu watatu: wewe, kondakta wako Kosgei, na mimi. Nikajisuta, kisha nikainywa yote. Miaka yote hii basi limelala uani kwangu, kwa sababu hapa ndipo njia ilipoishia, na wewe ukalala katika nyumba ndogo ya marehemu mume wangu. Mwezi wa Ramadhani nikawa mlokole pekee wa Kabazi anayeamka kabla ya alfajiri kumpikia Mwislamu daku. Mchungaji aliniuliza habari hiyo. Nikamwambia ajaribu yeye kuendesha gari kwenye mlima ule akiwa na njaa.

Sasa wanasema njia yetu haina abiria tena. Tangu hali ya hatari itangazwe watu wanaogopa vizuizi na kuulizwa makaratasi, kwa hiyo wanakaa kwao. Sawa. Lakini hatukuliacha basi liondoke kama mbwa aliyefukuzwa. Wewe ulipokuwa dukani ukiagana na wazee, wanawake tulilivalisha sinendet, ule mmea wa kutambaa tunaowavisha washindi. Hilo uliliona. Ambalo hukuliona ni hili: nilifungua kile kifuniko cha mbele, pale unapotilia maji kila asubuhi kabla ya mlima, nikalipa kibuyu kizima cha mursik. Si maziwa ya hivi hivi. Ni yale yaliyolala na mkaa mpaka yakaiva, niliyokuwa nimewawekea wageni. Lilikunywa lote, likacheua kidogo kama mtoto. Kosgei akaja na debe la maji, nikamwambia arudi nalo, mzee ameshakunywa.

Siku ile ya mvua, binti yangu Chepkosgei aliposhikwa na uchungu, wewe uligeuza basi na abiria wote ndani ukampeleka hospitali ya Nakuru. Mjukuu wangu sasa anakimbiza kuku. Nisingeweza kuliaga gari lile kwa maji matupu.

Niandikie upesi. Tajiri wako Mhindi, mwenye basi, alikuahidi kwamba ukilifikisha basi kwa mnunuzi likiwa zima, utapewa lile jipya la njia ya Njoro. Je, amekupa? Naliombea jambo hilo kila siku. Barua hii nampa dereva wa lori la maziwa, maana sasa ndiye posta wetu.

Mama yako,
Jeruto


Bondeni, Nakuru,
12 Machi 1957

Mama yangu mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa Kuluthum. Sisi wazima wa afya, twamshukuru Mwenyezi Mungu. Pole kwa goti. Mwambie ng'ombe kwamba mimi pia niliachishwa ziwa na sikumnunia mtu.

Tulifika Nakuru. Basi lilichoka kidogo njiani, uzee tu, trekta ya shamba moja ikatusaidia kipande kilichobaki. Mambo ya Njoro bado. Tajiri ana shughuli nyingi, na wewe wajua matajiri wakiwa na shughuli.

Asante kwa maziwa, mama. Hakuna gari Nakuru hii lililowahi kuagwa vizuri namna hiyo, na hakuna dereva pia. Wanawake wote wa hapo wape shukrani zangu, hasa waliopanda juu ya boneti kufunga sinendet. Nilikuwa nikiogopa wataanguka.

Usihangaike kwa ajili yangu.

Mwanao,
Darweshi


Kabazi,
30 Machi 1957

Kwa Darweshi,

Salamu. Afya yako sikuulizi, kwa sababu utanidanganya.

Kosgei alikuja Jumapili kumtembelea mjomba wake. Akapita kwangu, akakaa, akanywa chai, akaanza kucheka peke yake. Nikamuuliza kinachomchekesha. Ndipo akanieleza kwamba basi lilichemka katikati ya mlima wa Bahati mpaka injini ikakwama. Kwamba mnunuzi alilitazama likivutwa na trekta, akageuka akaenda zake. Kwamba fundi Kalasinga alifungua rejeta akakuta mabonge ya maziwa yaliyoganda, na ndani yake vumbi jeusi. Akaanza kupiga kelele kwamba ni dawa, kwamba kuna adui ameharibu gari. Kumbe ni mkaa wangu!

Kosgei aliutambua mara moja. Yeye ni mtoto wa nyumba yenye vibuyu. Alipotaka kusema, wewe ukamkanyaga mguu. Ukamwambia tajiri kwamba ni wewe, ulichota maji machafu mtoni bila kuangalia. Na tajiri akakufukuza kwa uzembe. Wewe! Wewe ambaye ulikuwa ukifuta taa za basi kwa shati lako mwenyewe!

Kosgei alipoona uso wangu aliacha kucheka. Anasema sasa unasukuma mkokoteni sokoni, unabeba magunia ya viazi ya watu. Nami hapa nilikuwa nikipiga magoti na goti hili bovu, nikishukuru kwa ajili ya Njoro.

Nimekasirika, Darweshi. Nimekasirika na mimi kwa ujinga wangu, lakini zaidi na wewe. Uliniandikia "uzee tu." Uliniandikia asante.

Nimeomba ruhusa kwa mzungu mwenye shamba hili tunamokaa. Nakuja Nakuru kumwona tajiri wako.

Jeruto


Bondeni, Nakuru,
5 Aprili 1957

Mama,

Salamu sana, na heshima. Barua yako imefika leo, na Kuluthum amenisomea mara mbili, mara ya pili akiwa upande wako.

Nakuomba usije. Nisikilize kwanza. Mambo haya si ya kuchekesha siku hizi. Fundi aliposema lile vumbi ni dawa ya adui, tajiri alishika simu kuwaita askari. Nani angekaa kueleza mursik ni nini kwa askari wa hali ya hatari? Wangekuja Kabazi na lori. Na hata wangekuamini, mzungu wa shamba angesikia kwamba mtu wake ameharibu gari, angekwambia ukusanye vyombo uondoke. Ungekwenda wapi na ng'ombe wako? Ndiyo maana nikasema ni mimi. Maji machafu ni uzembe, na uzembe haumpeleki mtu jela.

Sikukudanganya niliposema asante. Pale mlimani, moshi ulipoanza kutoka, niliteremka nikasikia harufu. Basi zima lilinuka kama jikoni kwako. Nilijua papo hapo ni nani na ni kwa nini, hata kabla ya barua yako. Kosgei alidhani nalia kwa sababu ya gari.

Mama aliyenizaa alifariki kabla sijaanza kunyoa ndevu. Tangu hapo hakuna aliyenipigia mlango akaniambia amka ule, mpaka nilipopangiwa njia ya Kabazi. Kazi nitapata nyingine. Mkokoteni hauna klachi wala breki, lakini nao una usukani. Acha jambo hili lilale.

Mwanao anayekuheshimu,
Darweshi


Bondeni, Nakuru,
9 Mei 1957

Mama yangu mpendwa,

Salamu tele. Natumaini ulifika salama na goti halikukusumbua juu ya yale madebe ya maziwa. Kuluthum anakusalimu. Watu wa mtaa wanauliza yule mama aliyemfundisha muuza mkaa jinsi ya kuchagua mkaa atarudi lini.

Barua yangu ya kukuzuia naona mlipishana njiani. Ulikaa kwetu siku zile zote, ukala pilau, ukaikosoa, ukaongeza. Na kila nilipokuuliza ulikwenda kumwambia nini tajiri, ulinijibu neno moja: "Nimemsalimia." Ukapanda lori ukaondoka. Nikabaki na hofu kila nikiona kofia ya askari.

Jana tajiri alimtuma karani sokoni kuniita. Nilikwenda na vumbi la viazi mwilini.

"Wewe iko mwongo kubwa, Darweshi," akasema.

Nikaanza kujikung'uta vumbi.

Ndipo akanieleza. Kwamba uliingia ofisini bila kubisha hodi, ukaweka kibuyu juu ya meza yake, ukaomba kikombe. Ukamimina, ukanywa wewe kwanza, kisha ukamsukumia. Ukamwambia, "Hii ndiyo nilipea gari yako. Hiyo nyeusi ni mkaa. Kama ni sumu, tutakufa sisi wawili." Na akanywa! Tajiri huyu ambaye hanywi chai ya mtu asiyemjua!

Halafu, mama, akaniambia jambo ambalo sikulijua. Siku lile basi lilipotoka kwa seremala aliyelijengea bodi, likiwa jipya, kabla halijabeba hata abiria mmoja, mama yake mzazi aliletwa gereji amevaa sari nyeupe. Akalivisha taji la maua kwenye boneti, akalipaka rangi nyekundu usoni, akapasua nazi mbele ya gurudumu ili safari zake zote ziwe za heri. Ndiyo desturi yao.

"Mama yangu iliweka nazi inje," akasema. "Kama ingefikiri kuweka ndani ya rejeta, ingeweka. Sasa mimi nifukuze mama ya nani?"

Akacheka mpaka akavua miwani.

Basi, habari ndiyo hii. Hakuna askari, na mzungu wako hataambiwa lolote. Dereva mwingine ameshapewa basi la Njoro, naye ana watoto, sikutaka anyang'anywe, na tajiri hakutaka pia. Lakini lile letu limekosa mnunuzi, kwa hiyo fundi amelifungua injini na kulichemshia rejeta kwa magadi mpaka ikasafika. Nimeanza nalo asubuhi ya leo. Njia ni fupi: sokoni, stesheni, hospitali, kisha kurudi. Litafanya hivyo mpaka lingine lije kutoka Mombasa, na hapo litavunjwavunjwa kweli. Likipata joto bado linanuka kidogo. Abiria mmoja aliniuliza kuna nani anayepika. Nikamwambia ni mama yangu.

Ni furaha yangu kukuandikia haya, na sijui nikushukuru vipi, lakini hata ukinizuia nitakushukuru tu. Njia ya Kabazi haitafunguliwa tena. Tajiri amesema hivyo waziwazi, na mimi nimeulizia mara mbili. Hilo linaniuma.

Nina swali moja. Tajiri alisema kabla hujaondoka alikuuliza, "Huyu Darweshi ni nani yako? Wewe Mkristo wa shamba, yeye Mwislamu wa mjini." Anasema ulimjibu, na jibu lako ndilo lililomfanya anitafute sokoni. Nilipotaka kujua ulivyosema, alikataa. "Uliza mwenyewe," akasema. Basi nauliza.

Mwanao,
Darweshi


Kabazi,
20 Mei 1957

Mwanangu Darweshi,

Salamu nyingi kwako na kwa Kuluthum. Hamjambo? Mimi sijambo. Ng'ombe tumepatana. Mjukuu ameanguka ndani ya birika la kunyweshea ndama, ametolewa, hana neno, ila sasa anaogopa kuoga. Chepkosgei anakusalimu na kukushukuru, safari hii kwa maneno, nimemkataza asitumie kitu kingine.

Barua yako niliisoma kanisani baada ya ibada, kwa sababu wanawake wote walitaka kusikia. Waliposikia habari ya nazi walipiga kelele za furaha mpaka mchungaji akarudi kuona kuna nini. Wamesema yule mama wa sari nyeupe angeolewa huku tungeelewana naye vizuri.

Njia kufungwa na sisi inatuuma. Jioni uwanja wangu ni mkubwa mno. Nimepanda kunde pale basi lilipokuwa likilala, lakini kwenye madoa ya mafuta hazioti, na nimeacha pabaki hivyo. Kuna watu hapa ambao hawajafika Nakuru tangu siku basi lilipoondoka, na wengine hawatafika tena. Hata hivyo namshukuru Mungu kwamba lilikuja. Kuna mahali halikuwahi kufika kabisa.

Mkokoteni urudishe kwa mwenyewe, na mshukuru. Usiwe mtu wa kusahau kazi iliyokulisha.

Sasa swali lako. Neno "mwanangu" huku tunamwita hata muuza sabuni, kwa hiyo pengine umelisikia miaka yote ukadhani ni adabu tu. Nilimwambia tajiri hivi: nimezaa watoto wanne. Wa tano sikumzaa. Aliletwa na gari lako mpaka mlangoni pangu, jioni moja, amejaa vumbi, akaomba mahali pa kulala. Na kwetu, aliyekuletea mtoto nyumbani, siku anayoondoka humpi maji matupu.

Tajiri akaniuliza kama wewe wajua. Nikamwambia sijawahi kukuambia.

Mama yako,
Jeruto