Kwa Mama Mkwe Wangu, Mpika Busaa

Mama Kiprono mpendwa,

Najua ungeanza kwa kunicheka. Hukuwahi kushika kalamu maishani mwako, na sasa mke wa mwanao ameketi mezani anakuandikia barua, wewe uliyelala kaburini nyuma ya nyumba yako tangu mwezi uliopita. Lakini nina jambo zito Jumapili hii, na tangu niolewe sijawahi kufanya jambo zito bila kubishana na wewe kwanza. Basi nimekuja tubishane.

Unakumbuka mwaka tulipohamia huku juu ya Kimumu, baada ya mzungu kuuza shamba lake na familia kadhaa kuligawana? Sehemu yetu haikuwa na nyumba wala ua. Wewe ulizunguka ukiigonga ardhi kwa fimbo, ukisema baba yako alichunga ng'ombe papa hapa kabla hajafukuzwa. Mahindi yale ya kwanza yalistawi mno. Yalipokauka tayari kuvunwa, mimi nilikuwa na mimba ya miezi saba, na Kiprono alikuwa akifanya kazi Eldoret mjini, nyumbani anakuja Jumamosi tu.

Kila mtu alijua shamba huvunwa vipi. Mwenye shamba anapika busaa, anawaita majirani, wanakata mahindi tangu asubuhi, na kazi ikiisha wanakaa kunywa. Busaa yako ilisifiwa hadi Timboroa. Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia hivyo. Ukaniletea kimea cha wimbi kwenye kikapu, umeshakianika na kukisaga, umekifunika kwa kitambaa safi. Ilikuwa zawadi ya mama kwa binti, nami niliiona hivyo. Nikakurudishia kikapu mkononi. Nilikwambia kwamba siku ya ubatizo niliahidi mbele ya kanisa sitapika pombe, na kwamba baba yangu alikunywa hadi akawa anasahau majina yetu.

Ulikichukua kikapu ukaenda zako, na mimi niliyezoea kufokewa nawe niliogopa kile kimya kuliko makelele yote. Jumamosi Kiprono akaja, yeye aliyebatizwa pamoja nami, akaniambia, "Pika mara moja tu. Mungu anaelewa." Nikamjibu kwamba Mungu anaweza kuelewa, ila mimi sitaweza kujielewa. Jirani mmoja alimuuliza mbele yangu kama amejiolea mke au mwalimu wa Sunday school.

Siku niliyowaita watu nilipika chai ya maziwa, sufuria kubwa kabisa, na viazi. Walikuja kumi na wawili. Walikunywa, wakanisifu sana, wakakata mistari miwili, halafu kila mmoja akakumbuka ghafla kuwa ana mgonjwa nyumbani. Wenzetu walikuwa wamemaliza kuvuna, na wachungaji walishaanza kuachilia ng'ombe waingie kula mabua. Mahindi yetu, chakula chetu cha mwaka mzima, yalikuwa yamesimama bila ua katikati ya mifugo. Nikakata peke yangu na lile tumbo langu, nikilia kwa hasira, na kusema kweli siku hiyo sikuimba wimbo wowote wa kanisa.

Siku ya tatu nikasikia panga likilia upande wa pili wa shamba. Ulikuwa wewe, umefunga shuka kiunoni.

"Usifikiri nimekuja juu ya Mungu yako," ulisema bila kuinua kichwa. "Nimekuja juu ya mahindi."

Kesho yake wanawake waliona aibu kukuona umeinama na umri wako, wakaja. Waume zao wakawafuata. Tulimaliza kabla ng'ombe hawajatufikia, na jioni ulikunywa chai yangu umekunja uso, ukaagiza iongezwe sukari.

Ilinichukua miaka kuliona lile ulilonifanyia. Kimea ulikuwa nacho nyumbani kwako. Ungeweza kupika busaa wewe mwenyewe ukawaita watu, shamba likavunwa kwa siku moja, kila mtu akakusifu. Na mimi ningekuwa nimekwisha katika boma lile, mke aliyeshindwa kazi hadi mama mkwe akamwokoa. Hukufanya hivyo. Nilipokuuliza ulisema kimea kilishika ukungu. Ulinidanganya, Mama. Nilikuona ukiwamwagia kuku, kizima kabisa, na wala hawakulala njaa wale.

Baada ya hapo uliendelea kupika busaa yako na mimi niliendelea kukuombea, na hakuna aliyemwachia mwenzake. Watoto walikuita Kogo, nyanya yao, na walikupenda kuliko walivyonipenda mimi. Mimi pia nilikupenda, nikakaa miaka yote hiyo bila kukuambia, kwa sababu ungeniuliza kama naumwa.

Ulipofariki, wazee wa kanisa walikuja nyumbani. Walizungumza kwa upole. Walisema umekufa bila ubatizo na ulikuwa mpika pombe, kwa hiyo kusiwe na wimbo wala maombi kaburini, na mimi, kiongozi wa akina mama, nisije nikawakwaza wenzangu. Si watu wabaya, Mama. Wanaogopa watu wataona imani ni kitu cha mchezo. Niliwasikiliza hadi mwisho, na nilidhani nimekubali.

Lakini jeneza lilipoteremshwa watu wakasimama tu, wakitazama udongo, na Kiprono akanitazama mimi. Sikuweza kunyamaza. Nikaanza wimbo peke yangu. Ubeti wa pili wanawake wawili wa kanisa wakaniunga mkono; wengine waliinamisha vichwa. Halafu nikaomba kwa sauti, nikamwambia Mungu huyu ni mama yangu na ampokee.

Sasa nimetakiwa Jumapili nisimame mbele ya kanisa nitubu kwa ajili ya maombi yale. Nikikataa, navuliwa uongozi na kutengwa. Kiprono amesema tena lile neno lake, kwamba niseme tu yaishe. Wewe pia ungesema hivyo hivyo. Ungenigombeza kutwa nzima kwa ubishi wangu, kisha Jumapili ungekuja kukaa kando yangu, wewe ambaye hukuwahi kukanyaga kanisani.

Nitasimama. Dhambi zangu nitazitubu, ninazo za kutosha. Hili sitalitubu. Naogopa, Mama, maana kanisa lile ni nyumbani kwangu, na sijui kama nitaachiwa hata kiti cha nyuma. Lakini Mungu ambaye kwa ajili yake nilikukatalia wewe, ndiye huyo huyo ambaye kwa ajili yake nitawakatalia wao.

Pumzika, Mama.

Mke wa mwanao