Mbu Wamekufa, Baba

Wazo, Dar es Salaam

Baba mpendwa,

Shikamoo. Najua hapo ulipo umeshaitikia marahaba kwa sauti ile ya kanisani, hata kama uko peke yako chumbani. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia kwamba tangu mvua zianze unapanda shambani kwenye chai kwa fimbo, halafu akanikataza nisikuulize. Basi nimekuuliza. Na bibi, kikohozi kimemwachia? Huku hakuna baridi ya Tukuyu. Kuna joto na vumbi la saruji, nikianua nguo nazikung'uta kwanza ndipo nazikunja, na bado shingo inaniwasha. Kuhusu mwili wangu, nikikuambia ni mzima nitakuwa nimekudanganya, na barua hii nimeiandika ili nisidanganye.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Baba, wewe simu yangu ukiipokea unaiweka spika. Nasikia kuku, namsikia baba mdogo, nawasikia hadi waliopita kuomba chumvi, wote wanapokezana: "Daktari, hujambo? Daktari, unarudi lini?" Nami najibu sijambo, nitarudi karibuni, halafu nakata, nakaa kitandani naitazama simu. Ninayotaka kukuambia hayasemeki kwenye spika. Ndiyo maana nimempa Anyisile, mtoto wa baba mdogo, akukabidhi mkononi akishuka kwenye basi. Nimemwambia asimpe mtu mwingine, hata mama, maana mama atalia kabla hajafika mwisho.

Baba, wale mbu wangu wamekufa.

Unakumbuka nilipokueleza kazi yangu ulicheka, ukasema watu wote wanakimbia mbu, mwanao anawafuga. Ndivyo ilivyo. Pale maabara tuna chumba chenye joto, kina vizimba vya wavu, na ndani yake mna mbu wasio na ugonjwa wowote ambao kwa vizazi na vizazi hawajawahi kuonja dawa ya kuulia wadudu. Mie nawakamata mbu wa mitaani, wa Temeke na kwingineko, nawajaribu kwa dawa, halafu nawalinganisha na hawa wa kwangu. Wa mitaani wameshaizoea, wengi wanajipangusa tu wanaendelea na safari zao. Wa kwangu wakiinusa, kwisha habari yao. Bila hao sina cha kulinganisha, na huo udaktari wangu wa utafiti haupo. Kwa hiyo nawalea. Viluwiluwi nawapa chakula cha samaki, nabadilisha maji, na majike ili watage ni lazima wanywe damu. Ilikuwapo mashine ya kuwanywesha damu ya ng'ombe, ikaharibika, ikabaki mikono yetu wanafunzi. Natia mkono kizimbani, natulia, wanakunywa mpaka washibe.

Mbu hawajui Krismasi wala Pasaka, ndiyo maana mnaona siji. Mwanzoni niliipenda kazi hii, naomba uniamini. Nilikuwaga nafika asubuhi nachungulia viluwiluwi jinsi mama anavyochungulia vifaranga. Sijui mapenzi yaliisha lini. Nilianza kusimama nje ya mlango wa maabara, ufunguo uko mkononi, na siingii. Chakula kikawa hakipiti. Nikichana nywele zinabaki kwenye kitana. Nasoma ukurasa mmoja asubuhi nzima, nikifika chini sikumbuki juu palisema nini. Nikaenda zahanati nikidhani ni malaria, na ningeshukuru ingekuwa malaria, maana ina vidonge. Nesi akanipima, akasema, "Dada, damu yako nzuri tu. Una mawazo. Jipumzishe." Damu nzuri. Nilicheka mpaka akaniuliza kama nina mtu wa kunisindikiza nyumbani.

Sasa sikia walivyokufa. Mama mwenye nyumba wangu anaitwa Mama Fatu, Mmakonde wa Newala, mumewe anachonga vinyago. Mdomo wake mkali, ila moyo wake ni wa mama hasa. Mikono yangu alikuwa anaiona imejaa vipele vya kuumwa. Nilimweleza zaidi ya mara moja kwamba ni kazi, akaona namsitiri tu, sitaki kuitia nyumba yake aibu. "Mtoto wa watu analiwa na mbu kwangu," alikuwa akisema, "kwao watanifikiriaje?" Wiki ile maji yalikatika maabara, nikaja na koti langu jeupe nikalifua nyumbani, jambo tulilokatazwa, lakini lilikuwa linanuka na nilikuwa nimechoka kubishana na harufu. Likakauka, nikalitundika nyuma ya mlango. Nilipokwenda sokoni, Mama Fatu akachukua ufunguo wake wa akiba, akaingia na chupa ya dawa, ile kali ya dukani, akapuliza chumba chote. Pazia, godoro, uvunguni, nyuma ya mlango. Akafungua dirisha, akadeki, kisha akanifukizia udi ili harufu ya dawa isinisumbue. Niliporudi nilikuta udi tu. Nikafurahi, nikalala vizuri kuliko siku zote.

Kesho yake nikavaa koti, nikaingia kwa mbu wangu, nikatia mkono pamoja na kitambaa cha koti kizimba baada ya kizimba. Kufika mchana wakaanza kuanguka. Wanazunguka chali, miguu inatetemeka, wanatulia. Nikadhani joto limepanda, nikaangalia kipimajoto. Nikaangalia maji. Mwisho nikaunusa mkono wa koti langu, na chini ya ule udi nikaisikia dawa.

Jioni narudi, Mama Fatu yuko barazani anachambua mchele. Akanitazama anatabasamu. "Enhe, jana ulilalaje? Mbu wamekuacha?"

Nikamwambia, "Wameniacha, mama. Ahsante."

"Si nimepuliza dawa hadi uvunguni na nyuma ya mlango? Nyie watoto wa shule mnajifanya mnajua kila kitu."

Sijamwambia hadi leo, na sitamwambia. Katika watu wote wa mji huu ni yeye peke yake aliyeitazama mikono yangu akaona kuna mtu anaumia.

Profesa anayenisimamia sikumficha. Hakufoka, na ingekuwa nafuu kama angefoka. Alivua miwani, akaifuta, akasema, "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Atupele. Tutaagiza mayai mengine, utaanza upya." Kuanza upya ni kulea kizazi hadi kizazi mpaka watoshe, ndipo nirudie vipimo vyote nilivyokwishafanya. Nikaitikia, ndiyo Profesa. Sikumwambia kwamba koleo linaagizika, aliyevunjika ni mhunzi.

Lakini kilichonishikisha kalamu ni kilichofuata. Nilipotoka ofisini kwake nilikwenda kwa mama mmoja anayekaanga mihogo pale nje, nikala sahani nzima, nikaomba nyingine. Nilikuwa na njaa, baba. Kwa miezi sikuwa nimeisikia njaa. Moyo ulikuwa umetulia kama mtu aliyetua ndoo kichwani. Kazi yangu yote imekufa, na mie nimekaa kwenye benchi nachovya muhogo kwenye pilipili, nimeridhika. Nilijiogopa. Nikawaza, mtu akifika mahali anashukuru msiba wake mwenyewe, basi alikotoka hakumfai tena.

Usidhani nitakaa bure. Nilikwenda shule moja ya sekondari kule Ukonga wanakotafuta mwalimu wa baiolojia. Mkuu wa shule akageuza vyeti vyangu juu chini, akaniuliza mtu aliyefika huko anataka nini na kidato cha pili, amefanya kosa gani. Nikachukua vyeti vyangu, nikaondoka. Kuna kaka mmoja ana kampuni ya kupulizia dawa kwenye nyumba mpya za Mbweni, anataka mtu anayejua dawa ipi inaua na ipi ni harufu tu. Huyo hakuniuliza neno, alisema, "Sista, unaanza lini?" Ndiyo, baba, nitalipwa kuua mbu. Cheka kama unaweza. Sikudanganyi kwamba nje kuna asali. Neema, niliyekuwa naye maabara, aliacha kabla yangu, sasa anazunguka hospitalini kuuza dawa za kampuni. Analala usingizi, amenenepa, lakini akimwona mtu wa maabara anavuka barabara. Nadhani na mie nitakuwa navuka.

Profesa yuko safarini. Akirudi nitamwambia sianzi upya. Nimetaka wewe ulijue hili kabla yake, na ulijue kwangu, usije ukalisikia kwa mtu aliyekutana na mtu.

Sasa amebaki Joho. Yule ndama ulimpa jina hilo wiki niliyopata nafasi ya kusomea udaktari, ukamtangazia kila aliyepita kwamba siku nitakayovaa joho ndiyo siku atakayochinjwa. Leo ni fahali, na watoto wa kijiji wanamwita shemeji wa Profesa. Mama aliniambia uligoma kumuuza hata paa la jiko lilipooza, sasa mvua ikinyesha anapika amejifunika mfuko wa nailoni kichwani. Baba, mie kila niliposimama nje ya ule mlango wa maabara nilikuwa namwona huyo ng'ombe amesimama zizini ananisubiri. Kadiri mlivyoniambia anavyonenepa, ndivyo nilivyokuwa nakonda. Muuze. Mwezeke jiko. Wakiuliza, waambie Atupele mwenyewe amesema.

Najua ninachokuomba. Wewe ni mzee wa kanisa, shukrani ulishanitolea mbele ya watu wote kabla sijamaliza, na itakubidi uketi kwenye benchi lile lile la kanisani huku wanakutazama. Inaniuma kuliko mbu wote walioninywa. Ukikasirika, kasirika, nitapokea, maana ni haki yako. Ila usininyamazie. Ukininyamazia sitaweza.

Mama mwambie mwenyewe, taratibu, akishakula. Mwambie sijalazwa, siumwi kidonda, nakula mihogo. Bibi mpe salamu zangu za kumshika mikono miwili, usimweleze mengi, yeye alishasema tangu zamani kwamba kusoma sana kunakausha mwili na sitaki afurahi kuwa alikuwa sahihi. Mdogo wangu Tusajigwe asiache masomo ya sayansi kwa sababu yangu, na asiyang'ang'anie kwa sababu yangu. Baba mdogo msalimie, umshukuru kwa kijana wake, ameniangalia vizuri huku, hata alipoona nimebadilika hakunitangaza.

Ukishasoma, ukaamua kunipigia, usiweke spika. Pita nyuma ya zizi, nenda kule migombani, usimame peke yako. Na usiniite Daktari. Niite jina ulilonipa wakati ule hujui kama nitasoma au nitachuma chai. Usiseme zaidi ya hapo kama hutaki. Nikilisikia hilo tu kwa sauti yako, nitajua kwamba kwetu bado ni kwetu.

Mwanao,

Atupele tu.