Ngoma Ndogo Iliyokuwa Haipo

Muhonja mjukuu wangu,

Huku Kiganjo ya Thika tuko salama. Mamako amehamia Gatongora, na wewe huko mbali naomba uwe unakula vizuri. Umeniuliza kama kuwachezea watalii isukuti, ngoma ya kwetu Kakamega, si kuiuza. Hata mimi niliwahi kujiuliza hivyo.

Nikiwa msichana wa kiwanda hapa Thika, Jumapili baada ya kanisa mimi, ndugu yangu na wenzetu wa nyumbani tulicheza kwenye hoteli moja karibu na maporomoko. Tulikuwa na ngoma kubwa peke yake, ile tuliyobeba kutoka nyumbani Kakamega. Siku moja mama mmoja mtalii akatuuliza kupitia kwa weita, "Mbona ngoma inanyamaza kila mara? Inamngoja nani?"

Tukaangaliana. Hapo inaponyamaza ndipo ngoma ndogo hujibu, na hakuna kati yetu aliyejua kuipiga.

Hoteli iliposikia hivyo ikatoa nauli, ndugu yangu akaenda nyumbani kufundishwa kuipiga na mzee mmoja. Akarudi na ngoma ndogo kwapani. Ndiyo hiyo unayoisikia kwenye harusi zetu.

Mpaka leo najiuliza: yule mgeni aliusikiaje ule ukimya, na sisi wenyewe tulikuwa hatuusikii tena?

Ni mimi kukhu wako