Mgongo wa Msafi

MAELEZO YA SHAHIDI
Mwanamume, miaka 53, mchekechaji katika kiwanda cha unga wa betri. Anaishi nyumba za wafanyakazi, chumba cha mwisho.

Mtuhumiwa ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Kiwandani tunamwita Msafi kwa sababu hakuna anayechafuka kama yeye. Tunasaga kinywe, madini meusi yanayoingia hadi masikioni. Zamani zamu ikiisha tulijipanga bombani tukasuguana migongo, maana mgongo wako huufikii. Mimi nilimsugua yeye, naye akiimba vibaya makusudi ili anikere. Raha ile siipati tena, afande. Hata hilo liandike.

Mwaka huu kampuni iliungana na nyingine, wakasema wanapanga kazi upya. Nusu yetu waliachishwa, Msafi akiwemo. Bomba nalo likafungwa.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, saa mbili asubuhi, nikiwa kwenye chekeche, nilisikia kinu kikipigwa kofi na mtu akisema, "Amka bibi, kumekucha." Ni Msafi tu anayekiamsha kinu hivyo. Nikamfuata. Alivaa ovaroli yake ya zamani na uso kajipaka masizi ya sufuria, ndiyo maana mlinzi hakumtambua.

Nikamwambia, "Shemeji, umerukwa na akili?"

Akajibu, "Usiniumbue. Nyumbani wanajua bado niko kazini. Kila asubuhi naaga, nazurura tu. Leo nimeshindwa."

Nikarudi kazini, sikumripoti. Kusema kweli nilifurahi kumwona pale.

Saa saba mchana, wakati wa chakula, msimamizi mpya, ambaye bado hajazijua sura zetu, alikuta tumezidi mmoja. Akaamuru wote tunawe uso. Msafi akanyoosha mkono kabla maji hayajaletwa. "Waache wale chakula chao. Ni mimi."

Nasikia inadaiwa kwamba alitaka kuharibu mashine. Kinu kile alikitia grisi, nikiona kwa macho yangu. Hakuchukua kitu.

Niliyoyaona nimeyasema yote. Ninalo ombi moja. Yuko mahabusu na weusi ule tangu jana, na mkewe anakuja kumwona jioni. Naomba maji na sabuni nikamsugue.

Alama ya dole gumba la shahidi.

Afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekiri ni sahihi. Ombi limekubaliwa, ndoo moja imetolewa. Mtuhumiwa ameanza kuimba. Ameonywa mara moja, kisha ameachwa.