Maua Tuliyong'oa Mpakani

Ruiru, 9 Februari 1957

Ndugu yangu Kariuki,

Leo ni mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani. Mgongo unauma, mengine ni mazima. Baba bado anakohoa? Na Mama, anapanda mlima bila kushikwa? Mkonge wa Thika niliuacha, ulinimaliza mikono. Sasa naosha kahawa hapa Ruiru.

Jumapili alinijia Daudi, mtoto wa jirani yetu Mzee Ngari, ambaye sasa ni mwalimu na anaandika vitabu vya hadithi. Watoto wa kambi ya wafanyakazi walimng'ang'ania koti, wote wanamjua. Nikajiuliza, mtu mkubwa hivi atoke Nyeri kunitafuta mimi? Akasema anaandika habari za utoto wetu na shule. Akatoa daftari.

"Njoroge, siku ile tulipopamba shule, maua tuliyatoa wapi?"

"Maua gani?"

"Usinifanyie hivyo. Jembe lilikuwa lako."

"Kahawa imeniosha kichwa, Mwalimu."

"Lakini mdomo imekuachia," akasema, akacheka. Mimi sikucheka.

Wewe ulikuwa mdogo. Mwalimu mkuu alitaka maua kwa ajili ya wageni, basi mimi na Daudi tukang'oa matoka yote, yale maua ya mpakani yanayotenga shamba letu na la Mzee Ngari. Wageni walipoondoka tukaogopa kipigo, tukayarudisha mbio mbio. Nakuambia wewe peke yako: tuliyapanda hatua nane ndani ya shamba lao. Hakuna mzee aliyegundua, na Baba amelima pale mpaka leo.

Sasa umeniandikia kwamba wapimaji wa mashamba wanakuja. Na Daudi naye ndipo anakumbuka maua. Labda ni hadithi ya watoto tu. Lakini aliniuliza zilikuwa hatua ngapi. Mtoto gani anataka kujua hatua?

Akifika huko mpe chai, umsikilize, usimjibu kitu. Nimefikiri siku tatu. Akiandika, Baba ataitwa mwizi mbele ya wazee, na yeye hajui lolote. Afadhali alisikie kutoka kwangu kwanza, hata kama shamba litapungua.

Nisalimie Mama, shangazi anayekaa naye, na mke wangu Wambui, mwambie sijamsahau.

Nyapara ameniahidi barua ya kusafiri. Nitafika Jumamosi ya mwisho ya Machi. Wapimaji wakinitangulia, mwombe Baba asiwaonyeshe mpaka kabla sijafika.

Ni mimi kaka yako,
Njoroge