Dawa ya Truphena

Jumatatu, 8 Julai 2024
Binti yangu Truphena amepiga simu kutoka Kakamega. Mapacha, wiki ishirini na nne. Daktari ameona mlango wa kizazi umeanza kufupika. Amemwandikia homoni ya kuzuia watoto wasitoke mapema — si lazima isaidie, lakini ajaribu. Huko chemist imeisha, nitafute hapa Jeddah.
Mama yake pia alibeba mapacha. Wakatoka wiki ya ishirini na saba. Tulizika watatu, yeye na watoto.

Jumanne, 9 Julai
Chemist ya mtaa wa Baghdadiyah. Mmisri anayeuza akauliza, bibi yako wapi? Amekufa. Sasa dawa ni ya nani? Nikajishika tumbo, nikainua vidole viwili. Foleni yote — mabruk, hongera!
Ni vitu vya nta, kama risasi. Vya mwanamke kuweka huko chini, si vya kumeza. Joto hili la Jeddah linaviyeyusha. Nimeweka kwa friji ya room.

Jumatano, 10 Julai
Dalmas wa room yetu amemeza mbili! Hapa kambini Karantina kitu ya friji ni ya wote, na mgongo unamuuma tangu tubebe simiti. Ati amepona. Saa nne akalala juu ya mifuko. Foreman akauliza ana nini. Fred mwenzetu akajibu: bosi, huyu ni mjamzito. Mapacha. Foreman akamletea maji.
Jioni Dalmas ananiuliza polepole: mzee, nitaota matiti? Nikamwambia angoje miezi tisa.
Mimi sikucheka. Hizo ni siku mbili za Truphena.

Alhamisi, 11 Julai
Chemist tena. Mmisri: zimeisha? Zimemezwa. Na nani? Dalmas. Akatoka nje kucheka. Zingine mafi, hakuna, mpaka wiki ijayo.
Hezekiah, mtoto wa dada yangu, anaruka kesho kutoka Riyadh kwenda nyumbani. Napanda basi usiku huu nimfikie huko. Dawa iko kwa themosi na barafu. Themosi ni ya Dalmas. Ameitoa bila kuombwa.

Ijumaa, 12 Julai
Airport. Hezekiah ana blanketi tatu na sufuria kubwa ya harusi. Kilo zimepita. Amevaa makoti mawili — na jua hili! Watu wa ukaguzi wameikataa themosi, maji ya barafu. Nimemwaga. Nikamwambia, toa sufuria, funga dawa ndani ya blanketi, isiyeyuke. Mjomba, sufuria ni ya mama! Nikasema, mama yako ndiye aliyeosha wale watoto wangu wawili kabla tuwazike. Mwambie.
Akafungua begi.
Truphena amepiga. Tumbo linakaza tangu asubuhi. Baba, niende hospitali ama ningoje dawa? Nenda! Nenda sasa!
Hezekiah ameingia na dawa, jasho tele. Mimi nimekalia sufuria. Napiga, simu ya Truphena haishikwi.